Kumi na Mbili Inajibu

Kompyuta yangu mpya iliingia ofisini siku ya Jumamosi, na kwa kuwa nilikuwa nimeililia miezi mingi, niliitoa kwenye katoni kwa mikono yangu mwenyewe. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Ukiizima jioni, asubuhi utamaliza kikombe kizima cha chai kabla haijakuonyesha chochote, na siku nyingine haiamki kabisa. Tuliihamishia chumba cha ramani, kwenye meza ya mchoraji wetu, ambaye yake ilikuwa imekufa, tukakubaliana kwamba huko haitazimwa kamwe. Mchoraji alinuna kidogo. Mimi nilipanguza meza yangu, nikaketi mbele ya kioo kipya, nikajiona mtu mkubwa.

Ofisi yetu ilikuwa ya mpima ardhi, hapo Kitengela, ghorofa ya kwanza juu ya duka la chakula cha mifugo. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakaja huku miaka ya tisini, baba akifuata kazi ya kiwanda, wakati Kitengela ilikuwa maduka mawili matatu na vumbi jingi. Kufikia miaka ninayoisimulia, kila mtu alitaka ploti. Watu walikuja wakiwa na ramani zilizokunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, sisi tukawapimia, tukawawekea mawe ya mipaka, tukawaandikia karatasi. Mimi nilikuwa karani. Nilipokea wageni, nikapiga chapa barua, na tangu skana ije, nikaskani kila kitu kilichopita mlangoni.

Skana yenyewe ilisimama kwenye ukumbi mdogo karibu na meza yangu. Ukiweka karatasi na kubonyeza kitufe, picha ya karatasi hiyo ilifika kwenye kompyuta yangu, ndani ya folda moja, tayari kutumwa kwa barua pepe. Fundi aliyetuwekea alitoka Nairobi. Alinieleza kwamba kila mashine ofisini ina anwani yake, msururu wa namba zenye nukta katikati, na zote zinafanana isipokuwa namba ya mwisho. Yangu ilikuwa kumi na mbili. Skana ilifundishwa jambo moja tu: chochote utakachosoma, kipeleke kwa kumi na mbili.

Fundi aliacha orodha ya namba hizo kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari, na mimi sikupenda sura yake. Nilichora ramani. Nilikuwa nimefanya kazi na wapimaji kwa miaka, mkono wangu ulikuwa umezoea. Nilichora ofisi yote kwa kipimo, kila meza ikiwa na mipaka yake kama ploti, na ndani ya kila meza nikaandika namba. Meza yangu, kumi na mbili. Meza ya mchoraji katika chumba cha ramani, nne. Meza ya bosi, moja, maana sikuwa mjinga. Kisha nikabandika namba hizo kwenye meza zenyewe kwa selotepu. Bosi aliitazama ramani ile akacheka, akasema sasa hata upepo umepimwa. Nilivimba kichwa siku mbili.

Na ukiniuliza wakati huo, ningekuambia bila kusita kwamba namba ni ya mahali. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mwenye ploti anaweza kufa, anaweza kuuza, anaweza kuhamia Matasia na asionekane tena, lakini namba ya ploti haimfuati. Inabaki palepale kwenye udongo ikimsubiri atakayekuja. Kwa hiyo Jumamosi ile, kompyuta ya zamani ilipokwenda chumba cha ramani, katika akili yangu iligeuka kuwa nne ilipovuka mlango, na mpya ikawa kumi na mbili ilipotua mezani kwangu. Jambo hilo halikunipitia akilini hata kama swali.

Jumapili bosi, mchoraji na watu wa kushika kamba walisafiri kwenda Rombo, kule karibu na mpaka wa Tanzania, kupima shamba kubwa. Chumba cha ramani kilifungwa, na ufunguo ukaenda nao mfukoni mwa bosi, kama kawaida yake. Jumatatu asubuhi tulibaki wawili, mimi na mtunza faili wetu, bwana mtu mzima kutoka magharibi, mpole, mtu wa kanisa, ambaye alikuwa akipanga nyumba Ongata Rongai sehemu za Gataka na bado alifika kazini kabla yangu.

Saa mbili na nusu aliingia mama mmoja Mmaasai, shuka lake limelowa mpaka magotini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulimfahamu, kwa sababu miaka miwili nyuma tulipima kule kwao uwandani, marehemu mumewe akiwa bado hai.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," akaitikia, na hakuketi.

Maneno yake yalikuwa machache. Ardhi waliyokaa ilikuwa na hati moja, nayo ilikuwa katika jina la shemeji yake, kaka wa marehemu. Ndugu hao wawili walikuwa wameishi humo bila kugawana kwa sababu waliaminiana. Sasa mmoja yuko kaburini na mwingine amepata mnunuzi. Jana baada ya kanisa, binamu yake alimwambia kwamba shamba lote, pamoja na nyumba yake, zizi lake na kaburi la mumewe, limo kwenye orodha ya bodi ya ardhi Kajiado, na bodi inakaa leo, saa tano. Bodi ikikubali, mauzo yanapita.

Nilimpigia simu wakili mmoja wa Kajiado tuliyefanya naye kazi. Alikuwa akienda kwenye kikao hicho kwa mambo ya wateja wengine.

"Andika barua kwamba yeye ni mke wa marehemu, anaishi hapo na hajakubali," akasema. "Aweke kidole. Scan unitumie kwa email, mimi nitaiprint niingie nayo. Wakiona kidole chake hawawezi kupitisha leo. Lakini bila karatasi yenye alama yake, dada, mimi siwezi kusimama mbele ya bodi nikaanza kusimulia."

Niliandika barua ile kwa dakika kumi. Nilimsomea, mtunza faili akamsomea tena pole pole, naye akaweka kidole gumba kwenye wino wa zambarau, kisha kwenye karatasi, akakikandamiza kana kwamba anazima moto. Niliiweka barua kwenye skana, nikabonyeza. Mashine ikavuta, ikanguruma, taa ya kijani ikawaka, na kioo chake kidogo kikaandika kwamba imetuma. Nikaenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua folda. Tupu.

Sikushtuka. Nilirudia. Ikavuta, ikanguruma, ikasema imetuma. Folda tupu. Mara ya tatu nilisimama palepale nikiitazama usoni kama mtu anayengoja mtoto aseme ukweli, nayo ikaniambia imetuma.

"Imeenda?" mama akauliza.

"Inaenda, yeyo. Kaa kidogo."

Mtunza faili alikohoa. Alikuwa na njia ya kukohoa kabla ya kutoa wazo. Alisema barabara ya Namanga ilikuwa mbaya, ndiyo, walikuwa wakiitengeneza, na asubuhi hiyo trela lilikuwa limelala kwenye matope kabla ya Isinya, magari hayapiti. Lakini pikipiki inaweza kukata uwandani. Saa tatu hii ikitoka, saa tano iko Kajiado.

"Wewe mtume mtu wa boda na barua," akasema. "Ama huyu mama apande mwenyewe. Hii mashine tutahangaika nayo baadaye."

Mama alikuwa ameshika shuka tayari kusimama. Na mimi nikasema hapana. Ninakumbuka sauti yangu vizuri kuliko ninavyopenda. Nikasema barua pepe inafika kwa dakika moja, kuna haja gani ya kumpitisha mtu mzima kwenye matope, hii ni kitu kidogo, nampigia fundi sasa hivi. Nilikuwa nimekasirika kidogo pia. Skana ilikuwa yangu, ramani ya namba ilikuwa yangu, na sikutaka kushindwa mbele ya mtu aliyetoka uwandani kwa miguu. Mama akaketi tena.

Fundi alipokea simu akiwa mahali penye kelele.

"Madam, scanner inasema nini?"

"Inasema imetuma."

"Kama inasema imetuma, imetuma."

"Imetuma kwa nani?"

"Si kwa kumi na mbili? Kwani wewe ni ngapi?"

Nilitazama kibandiko kwenye meza yangu, kilekile nilichokibandika kwa selotepu.

"Ni kumi na mbili."

"Uko na uhakika?"

"Niko na uhakika. Imeandikwa hapa."

Akaniambia tupime. Alinielekeza nifungue kidirisha cheusi, niandike neno ping, kisha anwani yote inayoishia na kumi na mbili. Alisema hiyo ni kama kupiga hodi kwenye mlango, na kama kuna mashine hai ndani, itaitika. Niliandika. Kioo kikajaa mistari minne.

"Inasema reply," nikamwambia. "Reply nne."

"Sasa unaona? Kumi na mbili inajibu. Computer yako iko sawa kabisa. Angalia waya."

Nilifurahi kusikia hivyo. Kumi na mbili ilikuwa hai, kumi na mbili ilikuwa mimi, basi tatizo lilikuwa kwingine. Nilichomoa waya wa skana, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikaskani. Imetuma. Folda tupu. Mtunza faili alileta waya mwingine kutoka kwenye meza ya bosi, tukabadilisha. Imetuma. Tupu. Nikazima kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa ukutani, nikahesabu mpaka thelathini kama fundi alivyoniagiza, nikawasha. Nikapiga hodi tena: kumi na mbili inajibu. Nikaskani: imetuma. Tupu.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kuzunguka. Kitu kinachokataa, unaweza kupigana nacho. Hiki hakikukataa. Kila nilichokiuliza kiliitikia vizuri, skana ikisema ndiyo, kumi na mbili ikisema ndiyo, taa zote kijani, na barua haipo. Nilitafuta kila folda kwenye ile kompyuta. Nikapata picha za mfano zilizokuja nayo, maua na milima ya nchi za watu. Nikatafuta kwenye pipa la takataka la kompyuta. Nikatafuta mpaka chini ya trei ya skana, kwa mikono, kana kwamba barua ingeweza kuwa imedondoka njiani.

Nilimpigia fundi mara ya pili. Akasema labda ni virusi. Mara ya tatu akasema labda niandike upya jina la folda. Niliandika upya. Mara ya nne hakupokea. Nilijaribu kumpigia bosi, labda yeye anajua kitu, lakini Rombo wakati huo simu ilishika mlimani tu.

Faksi yetu ilikuwa imekufa zamani tukaitupa. Simu yangu haikuwa na kamera. Mtunza faili alivuka barabara kwenda kwenye saiba mbili za karibu, yale maduka ya intaneti; moja haikuwa na skana, na ya pili ilikuwa imefungwa, mwenyewe amekwenda mazishi kwao. Alirudi viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni, akakohoa.

"Dada, saa nne imepita."

"Najua."

"Nasema tu. Pikipiki bado iko hapo chini."

"Nipe dakika kumi," nikamwambia, na sikumtazama.

Wakati wote huu mama alikaa kwenye benchi akiangalia mikono yangu. Hakulalamika. Mara moja aliniuliza kama mashine ni mgonjwa, nikasema kidogo. Mtunza faili alileta chai, mama akanywa, yangu ikapoa juu ya skana. Niliona aibu kumtazama, na aibu ile badala ya kunituma kwa mtu wa pikipiki ilizidi kunigandisha kwenye mashine. Nilikuwa na imani ya ajabu kwamba mara ijayo itakubali. Nilibonyeza, nikabonyeza.

Saa tano kasoro robo wakili alipiga simu. Alisema wameanza kuingia, na faili yetu ni ya sita au ya saba. Hapo ndipo nilikubali. Nilimpa mama barua ndani ya mfuko wa plastiki, mtunza faili akamteremsha ngazi, na mama wa watu akapanda pikipiki nyuma ya mtu asiyemjua, kwenye mvua, ameshika mfuko kifuani. Nilimtazama kutoka dirishani mpaka walipopinda. Kisha nikarudi kwenye skana nikajaribu tena bila karatasi yoyote.

Saa sita na robo wakili alipiga mara ya mwisho.

"Wamepitisha," akasema. "Waliuliza kama kuna mtu anapinga. Sikuwa na karatasi. Ningesema nini?"

Mama alifika saa saba. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na shemeji yake alikuwa hotelini na mnunuzi, wanakula nyama. Wakili alimwambia njia ya korti bado ipo, lakini ni ya miaka.

Alhamisi wapimaji walirudi kutoka Rombo. Bosi alipitia nyumbani kuoga, akampa mchoraji ufunguo. Nilikuwa nachapa barua ya mtu mwingine niliposikia mchoraji akiita kutoka chumba cha ramani.

"Hii barua ni ya nani imejaa huku kwangu?"

Niliingia. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inawaka mezani kwake, vilevile walivyoiacha. Alikuwa amefungua ile folda ya zamani. Barua ya mama ilikuwa humo, moja chini ya nyingine, kila moja na alama ya kidole cha zambarau ikionekana vizuri kabisa, hata mistari ya ngozi. Ya kwanza ilikuwa imefika saa tatu kasoro dakika chache. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ukurasa mweupe.

Nilisimama pale nikiwa sielewi, halafu nikaelewa yote kwa pamoja. Namba haikuwa ya meza. Kompyuta ilikuwa imeondoka na namba yake, kama mtu anavyoondoka na jina lake, ikakaa nayo nyuma ya mlango uliofungwa, hatua sita kutoka pale nilipokuwa. Kila nilipopiga hodi, hiyo ndiyo iliyoniitikia. Nilirudi kwangu nikatafuta namba ya ile mpya kwenye kile kidirisha cheusi. Ilikuwa thelathini na moja. Hakuna aliyeipa namba hiyo, ilijichukulia yenyewe.

"Ni ya nani?" mchoraji aliuliza tena.

"Ya majaribio," nikasema. "Nilikuwa najaribu mashine. Zifute."

Alianza kufuta. Nikamwambia aniachie, nikaketi kwenye kiti chake nikazifuta mwenyewe, moja moja, mpaka folda ikawa tupu. Bosi alipokuja nilimwambia skana ilikuwa na tatizo la mtandao na fundi alilitatua kwa simu. Hakuuliza zaidi. Mtunza faili alinitazama kidogo, akafungua kabati lake. Sijui alijua nini. Mpaka tulipoachana miaka mingi baadaye hakunitajia siku ile, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Baada ya wiki tatu mama alirudi kuchukua karatasi zake za zamani za vipimo tulizokuwa tumemhifadhia. Alikuwa anahamia kwa kaka zake, ng'ambo ya Kajiado. Mbuzi walikuwa wametangulia na wanawe. Kuhusu kaburi, alisema shemeji ameahidi mnunuzi hataligusa, akasema hivyo akitazama sakafu. Nilimpa karatasi zake, akazifunga kwenye kitambaa. Kisha akageuka kuitazama skana.

"Hii mashine ilipona?"

"Ilipona, yeyo."

"Ilikuwa na ugonjwa gani?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Tulikuwa wawili tu, mtunza faili alikuwa ameteremka. Ningeweza kumwambia kwamba haikuwa na ugonjwa wowote, kwamba barua yake ilifika mara ya kwanza kabisa, kabla ya saa tatu, na kwamba pikipiki ilikuwa chini inangoja nikaikataa.

"Waya," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole, akinihurumia.

"Pole, mtoto yangu. Siku hiyo ulisumbuka sana kwa ajili yangu. Hata chai hukukunywa."

Akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa chupa ya maziwa, akasema ni ya asante. Niliipokea kwa mikono miwili.